Mkutano Msituachie Wazee Peke Yetu

Wanangu na wajukuu zangu wa Mbulu na Hanang,

Mvua inayonyesha kwetu haifiki baharini. Ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Magara huishia Ziwa Manyara. Ya magharibi huingia Yaeda na kuelekea Eyasi. Ya mlima Hanang hushuka hadi Balangida na kwenye mbuga zinazouzunguka mlima. Serikali inaliita eneo hili Bonde la Kati, na bodi yake ya maji ina makao Singida. Mtu wa Rufiji au Pangani akiuharibu mto wake, sehemu ya uharibifu huo huchukuliwa na Bahari ya Hindi. Sisi hatuna pa kuupeleka. Udongo unaoporomoka kwenye shamba la mteremko wa Tumati, na dawa anayopuliza mkulima wa vitunguu saumu Bashay, hutua humu humu ndani, kwenye bwawa au bonde la jirani ambaye wiki ijayo tutakutana naye mnadani.

Nawaandikia kuwaonya. Kukata miti ovyo mmekatazwa tangu darasa la kwanza, na mabango ya Wakala wa Huduma za Misitu mnayaona kandokando ya barabara, kwa hiyo hilo sitalirudia. Linaloninyima usingizi ni kwamba mmeacha kuja mkutanoni. Siku ya Mkutano Mkuu wa Kijiji utatukuta wazee tumejifunika blanketi na fimbo zetu mkononi, akina mama wachache waliopata nafasi, mtendaji na mafaili yake, na mwenyekiti anayetaka kumaliza kabla jua halijawa kali. Vijana wako kijiweni na pikipiki, wako Karatu na Arusha, wako Mirerani wanachimba tanzanaiti. Wengine hawako mbali hata kidogo, wanacheza drafti nyuma ya duka, na ukiwaita wanakujibu kwa adabu kabisa: "Babu, hayo ni mambo yenu wazee."

Si mambo yetu. Sisi tumebakiza mvua chache za kuziona. Kinachoamuliwa pale ni maji mtakayokunywa nyinyi mkiwa na watoto.

Nieleze kwanza sheria, maana wengi mnadhani mkutano ni mahali pa kusikiliza matangazo. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu, msichana kwa mvulana, mwenye ng'ombe na asiye na hata kuku. Mkutano huo unatakiwa uitwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yaani wale wajumbe wasiozidi 25 mnaowachagua, ndiyo inayosimamia ardhi, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia kumgawia mtu ardhi yoyote kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Someni tena sentensi hiyo. Ekari tano kando ya chemchemi haziwezi kwenda kwa mtu yeyote, awe mzawa au mgeni mwenye gari, mpaka nyinyi mmesema ndiyo.

Sasa mkutano usipokuwa na watu, ndiyo hiyo inapatikanaje? Inapatikana kwenye karatasi. Orodha ya mahudhurio inazungushwa, watu wanasaini kabla hawajajua ajenda, muhtasari unaandikwa baadaye ofisini, na ajenda iliyozungumzwa kwa dakika tano chini ya "mengineyo" inageuka uamuzi wa kijiji kizima. Baada ya mwaka mnaona uzio. Mkienda kulalamika wilayani mnaonyeshwa muhtasari wenye mhuri, na majina ya baba zenu yamo. Wala mara nyingi hakuna aliyeghushi kitu. Watu walisaini kweli, ila hakukuwa na kijana mwenye macho makali wa kuomba muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kufunga.

Upande wa pili, niwaeleze kilichotokea watu walipoamua kukaa mkutanoni mpaka mwisho. Ni hapa jirani, Duru-Haitemba. Leo ni wilaya ya Babati, lakini kabla ya mwaka 1985 Babati na Hanang zilikuwa wilaya moja, na kabla ya 1969 zote mbili zilikuwa ndani ya Mbulu, kwa hiyo ni nyumbani. Ni safu ya vilima vyenye msitu wa miombo, hekta kama 9,000, na wenyeji wake wengi ni Wagorowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mipaka ilipimwa ili msitu uwe hifadhi ya Serikali. Nia ilikuwa njema, kwa sababu msitu ulikuwa unaisha kweli. Lakini wananchi walipoona mipaka inapimwa wakasema huu sasa ni wa Serikali, tuuwahi kabla hatujafungiwa nje. Mashoka yakazidi. Wachoma mkaa wakazidi. Aliyekuwa akiogopa kumuudhi jirani hakuogopa tena, maana jirani naye alikuwa msituni anakata.

Mwaka 1994 upimaji ule ukasimamishwa, na vijiji vinane vikaambiwa: haya, tuonyesheni nyinyi mtaulindaje. Vikakaa vikao. Kila kijiji kikachukua kipande chake kwa mipaka iliyokubaliwa na jirani, kikaamua wapi pafungwe kabisa ili pumziko lirudishe miti, wapi paruhusiwe malisho na kuni zilizoanguka, na kipi kiwe marufuku kabisa. Kuchoma mkaa na kufyeka mashamba mapya vikawekwa kwenye marufuku. Sheria ndogo zikaandikwa kwa Kiswahili ambacho kila mtu aliyepita shule ya msingi anaweza kukisoma, na mwaka 1995 Halmashauri ya Wilaya ya Babati ikazipitisha. Waswidi walisaidia fedha na wataalamu, sitaki kuwaficha hilo, ila hakuna Mswidi aliyelala msituni kulinda.

Waliolinda walikuwa vijana. Hapo ndipo nataka msikilize kwa masikio yote mawili. Walinzi walichaguliwa na vijiji vyenyewe kutoka miongoni mwa vijana wao, watu waliozijua njia zote za kupitishia magogo, na wengine bila shaka walizijua kwa kuwa walishazipita wenyewe. Hawakulipwa mshahara. Walisamehewa kazi nyingine za msaragambo, na walipokamata mhalifu sehemu ya faini ilikuwa haki yao. Haikuchukua miaka mingi watu wakaanza kusema vijito vilivyokuwa vimekauka vimerudi. Vijiji vitano vya msitu wa Mgori, Singida, vikafuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Misitu ilipotungwa mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Humu humu mkoani kwetu, Kiteto, wenzetu wa Sunya, Lengatei na Dongo waliounganisha misitu yao kwa jina la SULEDO wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka huo huo wa 2002. Nchi nzima ilijifunza kutoka vilima vya Babati, na kijana wa Mbulu wa leo hajui hata kwamba jambo hilo lilitokea.

Linganisheni na Kondoa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa kwenye vilima vya Irangi vilivyokuwa vimeliwa na makorongo. Nyasi zilirudi, na miti ikarudi, hilo ni kweli na linapendeza machoni. Lakini liliamriwa kutoka juu, na mfugaji aliyehamishwa ndiye aliyebeba gharama yake. Mkiuacha mkutano, njia itakayobaki kuwaokoa ni ya namna hiyo, na amri ikishafika hamtaulizwa ng'ombe wenu mtawapeleka wapi.

Hanang wanalo kovu lao, na vijana wa Kiiraqw mnapaswa kulijua maana ni la majirani zetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, tambarare za Basotu zilichukuliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya Shirika la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Yakaja kuwa mashamba saba, ekari kama laki moja. Ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao, ambayo mengine yalipitiwa na jembe la trekta. Mvua ikachimba makorongo kwenye udongo uliobaki wazi, na tope likaelekea Ziwa Basotu. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua, na sababu kubwa ilikuwa kwamba kijiji hakikuweza kuthibitisha kuwa kimegawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria.

Wabarbaig walikuwa na mabaraza yenye nguvu kuliko yetu. Walikuwa na utaratibu wa nani anyweshe mifugo kisima gani na malisho gani yahifadhiwe kwa kiangazi. Wanawake wao wana baraza lao wenyewe linaloweza kumshitaki mwanamume na kumtoza ng'ombe. Yote hayo hayakusomeka mahakamani kwa kuwa hayakuwa na karatasi. Kwa hiyo mtu akiwaambia mila inatosha, mwambieni Mulbadaw. Na akiwaambia karatasi inatosha, mkumbusheni muhtasari ule wenye mhuri. Baraza na hati vinatakiwa viende pamoja, na nyinyi mliosoma ndio mnaoweza kuviunganisha, kwa sababu wengi wetu hati tunaiona kwa macho tu.

Wahadzabe wa Yaeda wameliweza hilo. Mnawatazama kama watu wa nyuma, nimewasikia, na naomba kuanzia leo muache. Mwaka 2011, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya jamii, kwa ardhi ya zaidi ya hekta 20,000. Haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kukiuza kipande chake akiwa na shida ya siku moja. Edward Loure, Mmasai wa Simanjiro aliyeongoza kazi hiyo ya hati za pamoja kaskazini mwa nchi, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016. Wahadzabe nao wakapata Tuzo ya Ikweta mwaka 2019.

Juu ya hati hiyo wakajenga biashara. Mongo wa Mono na Domanga, vijiji vilivyoanza, viliingia mkataba na kampuni ya Carbon Tanzania: misitu ikibaki imesimama, hewa ya ukaa ambayo ingetoka kwa ufyekaji inahesabiwa, inauzwa kwa wanunuzi wa nje, na sehemu ya fedha inarudi kijijini. Vijana wao ndio wanaotembea doria, wakiandika walichokiona: shamba jipya, kisiki, nyayo za wanyama. Matumizi ya fedha yanaamuliwa na wananchi wenyewe kwenye mikutano, na nyingi zimekwenda kwenye matibabu na ada za shule. Mpango umepanuka mpaka vijiji vingine vya Mbulu na Karatu kuelekea Eyasi, na sasa unagusa zaidi ya hekta 100,000. Watu wanaokula asali, mizizi na ubuyu wametufundisha sisi wakulima namna ya kupata riziki kwa mti uliosimama.

Hapa onyo linakuja tena. Sasa hivi kila mwenye kompyuta anazungumza kaboni. Watu watawajia na karatasi za kurasa hamsini, na maneno ya "mradi wa miaka thelathini" yatapita haraka kama jina la mgeni. Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kiko Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mradi usiosajiliwa huko usisainiwe. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi, kwa sababu miaka 30 ni umri wenu wote wa kufanya kazi. Ulizeni ng'ombe watalisha wapi kiangazi kikiwa kikali. Ulizeni asilimia ngapi inabaki kijijini, na inahesabiwa kabla au baada ya gharama za kampuni. Hilo la mwisho ndilo wazee hatulijui kuuliza.

Nirudi kwetu juu, kwenye Nou. Msitu ule ndio unaozilisha chemchemi nyingi za Mbulu na Babati, na ni wa Serikali tangu enzi za mkoloni. Kuna kipindi shirika la Farm Africa lilikaa na vijiji vya pembezoni kutafuta usimamizi wa pamoja, likaleta mizinga ya kisasa na kilimo cha uyoga ili watu wapate kitu bila shoka. Msitu ukiwa wa Serikali, msidhani haulindwi na nyinyi. Askari wa misitu hawatoshi hata kuzunguka ukingo wote, na mwizi anajua ratiba yao kuliko mke wa askari anavyoijua.

Kama hamjawahi kutembea doria, fuataneni na kamati ya maliasili hata asubuhi moja. Mtajifunza kusoma ardhi. Kisiki kibichi hupakwa tope na kufunikwa majani makavu ili kionekane cha zamani. Kipanguse kwa kiganja na utaona utomvu bado unatoka. Majani ya mti uliokatwa usiku huwa yananyauka lakini hayajageuka rangi. Tanuri la mkaa lililofukiwa vizuri halitoi moshi mwingi mchana, linatoa harufu, na udongo wake juu huwa na nyufa nyembamba zenye joto ukisogeza mkono. Ukilikuta linapumua kupitia matundu ya pembeni, ujue mwenyewe hayuko mbali, maana tanuri halimwachi mtu alale: likipasuka upande mmoja na hewa ikaingia, kazi ya wiki nzima inakuwa majivu. Ongea naye kwanza. Mara nyingi ni mtu mnayemfahamu, na deni lake mnalifahamu. Faini iwepo, na ilipwe, lakini kijiji kinachojua kwa nini fulani anachoma mkaa kinaweza kumpa mzinga kabla hakijampa faini ya pili.

Chemchemi nazo. Zamani hatukuhitaji tangazo. Wazee wetu waliamini pepo wa maji wanakaa pale, na hakuna aliyethubutu kukata hata tawi kando ya jicho la maji, wala kuosha nguo. Wengi wetu sasa tunasali kanisani na hofu ile imekwisha. Mimi siwaombi muirudishe. Lakini ilikuwa ikifanya kazi, na mahali pake hatujaweka kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Nendeni mkapime. Mtakuta matuta ya vitunguu saumu yanaanza hatua kumi kutoka kwenye jicho, pampu ya petroli imewekwa juu ya jiwe lile lile walipotulia mama zenu kujaza ndoo, mpira umelazwa ndani ya maji, na filamu ya mafuta ya rangi nyingi inaelea. Pembeni, mikaratusi imepandwa mstari mzima "ili kuhifadhi", na kila mzee anajua mikaratusi inavyokunywa.

Simchukii mkulima wa saumu. Saumu ndiyo imejenga nyumba za bati na kulipa ada za wengi wenu mnaonisoma. Ndiyo maana nasema liamuliwe na mkutano, pampu ngapi, zamu ya nani siku gani, maji yasishuke chini ya alama ipi, na mikaratusi iondolewe pole pole ipandwe miti ya asili. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inawaruhusu kuunda Jumuiya ya Watumia Maji inayotambuliwa na bodi ya bonde, yenye katiba na uwezo wa kusuluhisha. Kupangiana hivyo si kugeni kwetu: watu wa Kainam, hapa Mbulu, wamelima miteremko ile ile kwa zaidi ya karne mbili, ng'ombe wakilala ndani, samadi ikibebwa kwenda shambani, mifereji ikitoa maji ya mvua bila kubomoa shamba la aliye chini. Hawakuweza hayo kwa kila mtu kufanya lake. Mfereji wa mtu mmoja ukiziba, ni shamba la jirani linaloondoka.

Na jambo hili si la kwetu peke yetu. Kule Valencia, Hispania, wakulima wa mifereji wana mahakama yao ya maji. Kila Alhamisi adhuhuri, wakulima waliochaguliwa na wenzao hukaa mbele ya mlango wa kanisa kuu, husikiliza kesi kwa mdomo, na hukumu hutoka hapo hapo. Wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Mwanamke mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, alichunguza mambo kama hayo katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba watu wanaotumia msitu au maji pamoja wanaweza kuyatunza wenyewe, ikiwa kanuni wamezitunga wao, wanasimamiana wao, na adhabu huanza ndogo. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Nilipomsoma nilifurahi kuona wasomi wamefika pale wazee wa kikao walipokuwa wamekaa.

Sasa Hanang. Sitaki kuliruka ingawa ni zito. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani, vikapita Gendabi na Jorodom, vikaingia Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, akakatisha safari. Tulizika majirani, na kuna familia zilizobaki na mtu mmoja.

Nimewasikia mkisema miti ilikatwa ndiyo maana mlima ulikasirika. Kuweni wakweli hata kwa jambo mnalolipigania. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba sehemu ya mlima wenyewe, yenye miamba dhaifu ya volkano iliyonyonya maji mengi, ilimeguka. Mti unashika udongo wa juu na kuipunguza kasi mvua. Hauwezi kuushika mlima wa zaidi ya mita 3,400 usimeguke. Mkidai miti ingezuia kila kitu, siku mwamba mwingine ukimeguka penye msitu mnene hakuna atakayewaamini tena, hata mnaposema kweli kuhusu chemchemi.

Lakini lipo lililokuwa ndani ya uwezo wa binadamu, nalo ni mahali pa kujenga. Mkondo wa maji ya mlima una kumbukumbu ndefu kuliko ya kijiji. Ukikaa mkavu miaka ishirini, watu wanaanza kuuona kama kiwanja, kwanza kibanda cha kuuzia mahindi, halafu duka, halafu nyumba ya kulala. Waliopoteza makazi wamejengewa nyumba mpya mbali na njia ile ya tope. Nani anaikataza njia yenyewe isijazwe tena? Mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji ndio unaoweka mstari pale, na mpango huo unapitishwa na Mkutano Mkuu. Mzee anayekumbuka maji yalikopita akiwa mtoto na kijana mwenye simu ya kuchora ramani wanatakiwa wakae benchi moja siku hiyo.

Mabinti, nanyi nawasemesha peke yenu. Nyinyi ndio mnaojua chemchemi ipi imeanza kutoa maji ya kijivu na kuni zimesogea umbali gani, na bado mkutanoni mnakaa nyuma na kuzungumza mkitoka. Kamati ya maliasili isiyo na nyinyi inalinda mipaka isiyoijua. Gombeeni nafasi. Mzee atakayewakemea, nitajieni, nitazungumza naye mimi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mkutano ujao ukitangazwa, mliopo mje, na mlioko Arusha na Mirerani mpige simu kujua ajenda. Msisaini mahudhurio kabla ajenda haijasomwa. Ombeni kabla ya dua ya kufunga muhtasari usomwe, na mmoja wenu apige picha ya kila ukurasa. Ulizeni kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi au hakina, na kama kinao, ramani iko wapi na kwa nini haijabandikwa. Ulizeni sheria ndogo za msitu na maji zilipitishwa lini wilayani. Ulizeni faini za mwaka jana zilikuwa ngapi, zilikwenda wapi, na nani alisamehewa. Mkijibiwa kwamba kitabu kimefungiwa ofisini na ufunguo anao mtendaji, mwambieni kwa heshima kwamba mtamsubiri, kisha kaeni chini pale mlangoni.